Wana Thelathini na Mmoja wa Bwana Nasoro

Jumatatu iliyopita, siku yangu ya mwisho kazini, nilikabidhi ufunguo wa sanduku la wasia. Karani aliyeupokea alinishukuru, akautia mfukoni, kisha akaniuliza kama unazungushwa kulia au kushoto. Nikamwambia hauzungushwi kokote. Kitasa kilikufa zamani, na sanduku hufunguka kwa kupigwa kofi upande wa bawaba. Ufunguo tunaukabidhi kwa sababu katika daftari kuna mahali pa kutia sahihi kwamba umekabidhiwa. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nikaona heri niwaandikie ninyi vijana mnaoingia kazini mambo ya aina hiyo, kabla sijayasahau. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea mara nyingi, na la pili halina hadithi.

Niliingia kazini mwaka uliofuata amri ya kukomesha utumwa. Elimu yangu ilikuwa ya chuo cha Kurani, nikahitimu, na herufi za Kizungu nilizisoma kwenye makasha ya chai na viberiti katika duka la Banyani aliyekuwa jirani yetu hapa Malindi. Neno la kwanza nililoweza kulisoma lote lilikuwa jina la sabuni. Kwa elimu hiyo nikaonekana nafaa, kwa kuwa waliojua zaidi yangu walikuwa wamekwenda Mombasa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa orodha. Serikali ilitaka kujua ni nani wanaolima mashamba makubwa ya mtama na ufuta kati ya mji na Sabaki. Nikapewa daftari, kalamu ya nibu, na chupa ya wino ambayo kizibo chake kilikuwa kipande cha gunzi. Kila ukurasa ulikuwa na safu tatu: jina, jina la baba, mahali. Safu ya bwana haikuwapo, maana kwa mujibu wa serikali mabwana walikuwa wamekwisha.

Sasa, kwa wageni wa pwani niseme jambo ambalo wenyeji mnalijua. Muungwana aliitwa kwa baba yake: fulani bin fulani. Mtumwa aliitwa kwa bwana wake: Heri wa fulani, Mabruki wadi fulani. Neno hilo moja dogo lilimtenga mtu msikitini, sokoni na makaburini. Mimi nililijua tangu utotoni. Lakini siku ile nilikuwa na safu tatu, jua la utosini, na watu wamejipanga mbele yangu na majembe begani, kila mmoja ana haraka ya kurudi shambani kwake.

"Jina lako?"

"Farjala."

"Wa nani?"

"Wa Nasoro."

Nikaandika: Farjala bin Nasoro.

"Na wewe?"

"Heri."

"Wa nani?"

"Huyo huyo. Nasoro."

Heri bin Nasoro. Wanawake nikawaandika binti. Sikuuliza "baba yako nani" kwa sababu niliona ni kumtonesha mtu kidonda mbele ya wenzake. Ndivyo nilivyojiambia. Kweli nyingine ni kwamba "wa nani" lilikuwa swali fupi zaidi. Bwana Nasoro bin Hamedi alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, ameacha watoto watatu wa kiume. Kati ya asubuhi na adhuhuri, akiwa kaburini, alizaa wengine thelathini na mmoja. Mkubwa wangu alilitazama daftari, akausifu mwandiko, akalifunga kabatini.

Aliyenifunza kazi hasa alikuwa Mzee Shee, karani wa kadhi, aliyeandika kwa kalamu ya tete na hakuiamini nibu, akisema inakwaruza kama kuku. Tuliposhirikishwa kusoma vitabu vya zamani vya mahakama, yeye ndiye aliyenionyesha kutia majani ya tumbaku sandukuni ili nondo wasile wasia, na kugeuza karatasi kwa mgongo wa kisu, si kwa kidole kilicholowa mate. Zaidi ya yote alinifunza kwamba wasia husomwa kuanzia chini.

"Anza na mashahidi," alikuwa akisema. "Mrithi akisoma hutafuta jina lake. Wewe tafuta jina la mtu asiyepata kitu. Huyo hana sababu ya kudanganya."

"Na kama shahidi naye ni mrithi?"

"Basi umepata kazi ya wiki nzima. Kaagize kahawa."

Kisha ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye ardhi aje ofisini kwetu aseme ni yake, na aonyeshe. Asiyekuja, au aliyekuja asiweze kuonyesha, ardhi yake ni ya Mfalme wa Uingereza. Mfalme mwenyewe hakutakiwa kuonyesha kitu.

Watu wakaja na sanduku za bati, na karatasi zilizochanika kama matamvua, na vichwa vilivyojaa mipaka. Nina dai moja ambalo bado nalikumbuka kwa moyo: mashariki, bahari; kaskazini, mkanju wa marehemu shangazi; kusini, njia ya ng'ombe; magharibi, mpaka jembe litakapochoka. Mzungu aliyesikiliza madai tulimwita Bwana wa Hati. Alijua Kiswahili, ila kile cha kuamrisha, na maneno ya kuuliza alikuwa bado anayajifunza. Akamtaka mwenye dai aonyeshe jembe linachokea wapi.

"Bado, Bwana," akajibu yule mzee. "Halijachoka."

Kilifi, upande wa Mnarani, tulikuta wanaume wawili wanaodai kisima kimoja, kila mmoja na hati, na hati zote mbili zina shahidi yule yule. Nikamtafuta shahidi. Akaniambia kwa utulivu kwamba alishuhudia kweli mara mbili. Kisima kiliuzwa mara mbili, na yeye alialikwa mara mbili, na wali ulikuwa mzuri mara zote mbili.

Lakini nataka kuwaandikia juu ya dai la Nasoro, maana humo ndimo nilimojifunza kazi hii, na mafunzo yake waliyagharimia watu wengine.

Aliyeleta dai ni Bwana Seifu, mtoto mkubwa wa marehemu. Alikuwa mtu mrefu, mwenye joho, na hakuketi kwenye benchi letu mpaka lifutwe. Alidai ardhi yote kutoka barabara ya mji hadi mto Sabaki, urithi wa babake. Nikapewa kazi ya kuthibitisha ukoo. Yeye mwenyewe alinirahisishia: alileta shajara ya nasaba iliyoanzia Maskati, ikapita kwa watu wakubwa sana, ikashuka taratibu hadi kwake. Nikaenda kwenye vitabu vya kadhi, nikaanza na mashahidi. Babu yake, Hamedi, nilimkuta katika hati ya zamani ya mauziano: msokota kamba kutoka Pate, mwenye nusu ya punda. Nusu nyingine ilikuwa ya shemeji yake.

Bwana Seifu aliposikia, alinivuta kando.

"Karani, huyo punda ni lazima awemo?"

"Ndiyo ithibati ya pekee kwamba babu yako alifika Malindi, Bwana."

"Basi andika punda mzima."

Sikuandika punda mzima. Nikaendelea hadi wasia wa Nasoro mwenyewe, ambao familia ilisema umeliwa na mchwa. Nakala ilikuwa mahakamani, nzima kabisa, ndani ya harufu ya tumbaku ya Mzee Shee. Nasoro alikuwa mtu wa utaratibu. Aliorodhesha mali yake kwa mstari mmoja mrefu: punda watatu, Farjala, Heri, majembe ishirini, Mabruki, mitungi ya mafuta ya ufuta, na kadhalika, watu na vitu vimefuatana kama shanga. Chini yake, karibu na mashahidi, kulikuwa na kifungu hiki: "Na Faida, aliyemnyonyesha mwanangu Seifu, ni huru tangu leo, na shamba alilolipanda Sabaki ni lake na kizazi chake."

Nikainakili. Nikaweka nakala yangu ndani ya kofia, kwa kuwa mfuko wa kanzu hutota jasho.

Siku ya kwanza ya kusikilizwa, Bwana wa Hati aliuliza jambo moja tu. Sheria ilitaka ardhi iwe inakaliwa na mwenyewe. Nani anaikalia ardhi yote hii? Bwana Seifu na nduguze wawili walikuwa wanakaa mjini, kila mtu alijua. Hapo ndipo wakili wake, mtu mpole mwenye miwani aliyeletwa kutoka Mombasa, alipofungua karatasi.

"Inakaliwa na ndugu zake, Bwana. Thelathini na mmoja. Hii ni orodha ya serikali yenyewe."

Niliutambua mwandiko kabla sijausoma. Ulikuwa mwandiko mzuri kweli.

Bwana wa Hati alihesabu kwa kidole hadi mwisho wa ukurasa, akageuza, akahesabu tena.

"Mzee huyu," akasema, "alipata saa ngapi ya kulima?"

Bwana Seifu alikuwa anatazama dari. Kwa miaka yote hakukubali hata mmoja wa watu wale aketi mbele yake, na sasa alikuwa amejipatia ndugu thelathini na mmoja kwa sababu walikuwa wamekalia ardhi anayoitaka.

Tulipotoka, wakili alinishika mkono, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta.

"Ule ni mkono wako, sivyo?"

"Ni wangu. Na ni kosa."

"Taratibu. Fikiri kwanza. Bwana Seifu atapata mpaka wake. Wale watapata kila mtu kipande anacholima, kwa jina la urithi. Nimekwisha zungumza na wengi wao na wamekubali. Nani anaumia?"

"Mfalme."

"Mfalme yuko mbali," akasema wakili, "na ana mengine."

Tena niseme kweli, nilifurahi kukosa jibu. Watu wale walikuwa wameilima ardhi ile miaka mingi. Kama kosa langu lingewapa, basi lilikuwa kosa lenye manufaa kuliko usahihi wangu wote wa baadaye. Nikaamua kunyamaza. Nakala ya wasia nikaiacha ndani ya kofia.

Kilichobaki ni kuwapelekea wote wito waje waape. Nikazunguka mashamba siku tatu. Wa mwisho alikuwa Bi Faida, Sabaki, mwenye shamba la mikanju, yaani mikorosho, na minazi karibu na mto, na nyumba ya binti yake pembeni. Nilimkuta akipeta ufuta kwenye ungo.

"Hodi, Bi Faida. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si yule wa daftari?"

"Ndimi."

"Umenenepa. Serikali inalisha."

Nikaketi, nikafungua wito, nikamsomea: "Faida binti Nasoro, unatakiwa..."

Ungo ukasimama.

"Binti nani?"

"Nasoro."

Alicheka mpaka ufuta ukamwagika mkekani, na kuku wakafaidi. Akamwita binti yake aje asikie. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Mimi nimemnyonyesha Seifu. Ziwa hili la kushoto, maana la kulia lilikuwa la mwanangu. Leo niwe dada yake?"

"Ni kosa langu, Bi. Nilikuuliza wa nani, ukajibu..."

"Uliuliza wa nani, nikakwambia wa nani. Ungeuliza mwana wa nani, ningekwambia pia."

"Mwana wa nani, Bi Faida?"

Aliukung'uta ungo kwanza.

"Kamwendo. Nilipotoka kwetu Nyasa, meno yangu ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota mara ya pili. Jina la kijiji sinalo. La mama sinalo, tulimwita mama tu. La baba limebaki kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kumwita kondeni. Nasimama juu ya kichuguu, napiga kelele: Kamwendo! Kamwendo! Mpaka aitike. Jina ulilolipigia kelele halikutoki."

Nikamweleza mambo yalivyo. Wenzake wote wanasema Nasoro. Akisema Nasoro, shamba ni lake, la binti yake, na la wajukuu. Akisema jingine, sijui litakalokuwa. Sikumwambia juu ya kifungu cha wasia, kwa kuwa wasia ule ule uliompa yeye shamba uliwaweka wenzake kati ya punda na majembe. Nilikuwa nimekwisha amua. Aliitazama mikanju yake mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu mbuzi.

"Na msahafu utakuwapo?"

"Utakuwapo."

"Basi usinifundishe," akasema, akarudia kupeta.

Nilimsimulia mke wangu Mwanaheri jambo hili alipokuwa akikuna nazi. Wazee wake walikuwa watu wa mashamba. Siku tuliyooana, mwandishi wa nikaha alimwandika binti Abdallah, yaani binti wa mja wa Mungu, ndivyo walivyoandikwa wote wasiojulikana baba. Alisikiliza hadi mwisho, mbuzi ya nazi haijasimama. "Na wewe," akasema, "miaka yote hii, hukuniuliza babangu alikuwa nani." Nikamuuliza. Akasema hakumjua, ila alifurahi nimeuliza. Mwanaheri amefariki mwezi wa Shaabani uliopita. Kwenye talakini, yaani maneno anayosomewa maiti akishazikwa, huitwa kwa jina la mama yake, na mwalimu akanigeukia kaburini anipe jina hilo. Hatukuwa nalo. Akamwita binti Hawa. Ni jibu sahihi, Hawa ni mama wa wote. Lakini nilisimama pale na udongo mkononi, mimi mtafutaji wa nasaba za watu, nikiwa sina la kuongeza.

Nirudi kwenye dai. Siku ya kiapo walikuja wote, kanzu nyeupe, nyingine za kuazima, maana mikono ilikuwa inawafika kwenye viwiko. Bwana Seifu alikuwa amesimama karibu na meza na wakili wake. Kwa desturi, Farjala akimwona huinama na kusema shikamoo toka mbali. Siku ile alikwenda moja kwa moja, akanyoosha mkono.

"Salamu aleikum, ndugu yangu."

Bwana Seifu aliutazama mkono. Akamtazama wakili. Wakili akamwinamia sikioni, lakini mimi nilikuwa nyuma yao.

"Leo ni ndugu, Bwana. Stahamili mpaka adhuhuri."

Akaupokea mkono kama mtu anayepokea samaki wa juzi. Farjala hakuuachia.

"Kaka, ila nina lawama moja. Baba alipokufa hamkunipa habari. Na nilikuwa papo hapo, nachimba kaburi. Nilidhani nachimba la bwana!"

Wenzake wakacheka mpaka askari akagonga ubao. Bwana wa Hati akaingia, akaketi, na watu wakaanza kuitwa. Farjala bin Nasoro. Mabruki bin Nasoro. Kila mmoja aliweka mkono juu ya msahafu na kusema jina hilo, wengine kwa sauti, wengine kwa kunong'ona. Alipofika Heri, mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani, Bwana wa Hati aliangalia karatasi ya kifo cha Nasoro, akaangalia ndevu.

"Huyu ni mkubwa kuliko baba yake."

"Ni wa mama wa kwanza, Bwana," akasema wakili.

Wa mwisho alikuwa Bi Faida. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu. Akaweka mkono.

"Jina?"

"Faida binti Kamwendo."

Wakili alitabasamu haraka. "Mama amechoka, Bwana. Umri."

"Sikuchoka. Nimekuja kwa miguu na nitarudi kwa miguu."

Bwana wa Hati alipitisha kidole kwenye orodha, juu hadi chini.

"Kamwendo hayumo."

"Hayumo," akakubali Bi Faida. "Yuko Nyasa."

Farjala akamsogelea. Hakuwa anacheka tena. "Mama, sema Nasoro. Neno moja tu. Sisi sote tumelisema."

"Lenu mmelisema. Langu ni hilo."

"Basi hana dai," akasema Bwana wa Hati, akachovya kalamu aandike. Bi Faida alifunga leso yake vizuri, akageuka kuelekea mlangoni. Hakunitazama. Afadhali angenitazama, ningeweza kusema amenilazimisha.

Nikasimama.

"Bwana, orodha ni mkono wangu. Jina la mama huyu nililikosea. Sikumuuliza baba yake."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Ilikuwa joto, Bwana."

Alilitafakari hilo kana kwamba lilikuwa na maana. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa najua ataliuliza tangu nilipokuwa naondoa miguu chini ya benchi.

"Na hawa wengine?"

Watu thelathini walinitazama. Nilikuwa mbele ya msahafu, ingawa sikuwa nimeuwekea mkono, na mtu angeweza kusema hilo ni tofauti. Bi Faida alikuwa amesimama mlangoni. Angekosa shamba lake mwenyewe kwa kusema kweli, nami nilikuwa na karatasi yake kichwani.

"Na hawa pia, Bwana."

Nikavua kofia, nikaweka nakala ya wasia mezani. Ikasomwa kwa sauti, kwa kuwa utaratibu ulitaka isomwe. Farjala aliposikia jina lake, aliinua kichwa.

"Kabla yangu kuna nini?"

"Punda watatu," akasema msomaji.

"Walikuwa wanne," akasema Farjala. "Mmoja alinifia mkononi."

Hakuna aliyecheka.

Uamuzi ulichukua muda mfupi. Bi Faida apewe shamba lake, kwa nguvu ya wasia. Bwana Seifu na nduguze wapewe nyumba ya shamba na minazi iliyoizunguka. Sehemu iliyobaki, kwa kuwa imedhihirika kwamba hakuna hata mmoja wa wana wa Nasoro anayeikalia, ni ardhi isiyo na mtu, na ni ya Mfalme. Bwana wa Hati aliandika maneno hayo, "isiyo na mtu", na watu thelathini wamesimama mbele yake wakimsikiliza, wengine wakiwa na udongo wa ardhi hiyo kwenye kucha. Waliruhusiwa kuendelea kulima mpaka itakapoamuliwa vingine.

Bwana Seifu alinipita kwenye ngazi, machozi yanamlengalenga. "Umeninyang'anya ndugu thelathini!" akasema, na nadhani kwa dakika ile alikuwa anaamini.

Farjala aliningoja chini.

"Karani, ulituzaa kwa kalamu, ukatuzika kwa kalamu. Sasa sisi bin nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Bin Serikali," akasema. "Baba huyo hafi, kwa hiyo hatutamrithi."

Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutojaza safu ya pili ipasavyo. Ndani yake jina la baba yangu liliandikwa vibaya. Miaka miwili baadaye ikaamuliwa vingine, kama ilivyosemwa, na sehemu kubwa ya ardhi ile akapewa Mzungu apande mpira. Mpira ukafa, lakini watu walikuwa wamekwisha hamishwa. Farjala alikwenda kukaa kijiji cha Barani. Tukikutana njiani huniambia "Shikamoo, baba," yeye aliyenizidi umri kwa miaka kumi na mitano, na hungoja hadi niitike. Ninaitika. Vijana, mtakaposhika daftari, ulizeni maswali mawili: wa nani, na mwana wa nani. Hata jua likiwa utosini. Kama nilifanya vyema kusimama siku ile, sijui. Najua tu kwamba nilichelewa kwa miaka, na aliyechelewa hachagui nani wa kuumia.

Hati ya Bi Faida ilirudi kutoka Mombasa baada ya mvua mbili za masika. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, yenye mhuri mwekundu. Niliisoma kabla sijamwita. Huko juu, karani mmoja mwangalifu alikuwa ameona jina la kwenye uamuzi halilingani na la kwenye orodha, akalisahihisha. Faida binti Nasoro. Nikaandika barua kuomba lirekebishwe. Nikajibiwa kwa adabu kwamba mabadiliko ya jina ni dai jipya, na muda wa kupokea madai ulikuwa umekwisha.

Alikuja mwenyewe kuichukua. Nikamweleza yote, sikuficha. Akaiweka juu ya meza, akaipapasa kwa kiganja kama mtu anayepima kitambaa.

"Shamba limeandikwa sawa?"

"Shamba ni sawa. Mpaka wa mto, mikanju, minazi, yote imo. Ni yako na ya kizazi chako."

"Na Nasoro yuko wapi?"

Nikamwonyesha neno. Akaliinamia, akalitazama sana, ingawa hakujua herufi hata moja. Kisha akaweka kidole gumba juu yake, likafunikwa lote.

"Haya, nisomee tena."

Nikasoma: "Faida binti..."

"Kamwendo," akasema, kwa sauti kubwa iliyowafanya makarani wa chumba cha pili wainue vichwa.